Ufaransa kwa Baiskeli Mbali na Magari: Ukingo wa Mfereji, Reli ya Zamani, Bonde la Loire au Vijibarabara vya Gers?

Mjini Agen, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuna daraja la mawe lenye urefu wa mita 539 ambalo halikujengwa kwa ajili ya magari wala treni, bali kwa ajili ya maji. Mfereji wa Garonne unapita juu yake, na chini yake unapita mto wenye jina hilohilo. Mwendesha baiskeli anayefika hapo asubuhi ana uamuzi wa kufanya. Akishika ukingo wa mfereji, uwe upande wa Bordeaux au wa Toulouse, anaweza kwenda siku nzima karibu bila kuguswa na upepo wa gari linalompita. Akiupa mfereji kisogo na kuelekea kusini, kabla ya saa mbili kwisha atakuwa katika vilima vya wilaya ya Gers, juu ya vijibarabara vya lami ambavyo kisheria ni barabara za magari kama barabara nyingine, lakini magari yake ni ya kuhesabu kwa vidole, na dereva anayekupita aghalabu hukupungia mkono.

Vipeperushi vya utalii huziita njia zote mbili tulivu. Tatizo ni kwamba utulivu wake si wa aina moja, na mtu aliyechagua mmoja akidhani ni mwingine hurudi nyumbani akilalamika. Kwa miaka kadhaa niliyokaa Toulouse nimeziendesha njia nne ninazozilinganisha hapa: ukingo wa mfereji wa Garonne, njia ya reli ya zamani ya Bourgogne kati ya Givry na Cluny, njia maarufu ya mto Loire, na vijibarabara vya Gers. Maoni yangu nayasema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: mwenye baiskeli ya mbio yenye matairi membamba, anayetaka kukanyaga kwa kasi bila kupiga kengele kila dakika, atafurahi zaidi Gers, mwenye watoto, au aliyeanza kuendesha juzi, aende kwenye mfereji au Bourgogne, na Loire ni ya yule ambaye baiskeli kwake ni usafiri wa kumfikisha kwenye majumba ya wafalme.

Kwanza, barabara zenyewe

Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara, na hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini nchi yenye magari mengi hivyo ina kimya kingi hivyo. Barabara kuu za kulipia zina herufi A, na baiskeli haziruhusiwi kukanyaga humo. Barabara za taifa zina herufi N, nazo hubeba malori. Zile za wilaya zina herufi D na jumla yake hukaribia kilomita 380,000; za vijiji, yaani za komuni, zina herufi C au hazina namba yoyote, na hizo ni nyingi kuliko zote. Magari hujazana kwenye A na N, na kwenye D chache zinazounganisha miji. Zinazobaki huachiwa wakulima, tarishi, gari la kuuza mkate, na sisi.

Hapo kwenye herufi D pana mtego, na ninausisitiza kwa sababu umewanasa wengi. Mwaka 2006 serikali kuu ilikabidhi kwa wilaya sehemu kubwa ya barabara za taifa, na barabara hizo zikabadilishwa majina bila kubadilika tabia. N20 ya kale, kwa mfano, inaitwa D820 inapopita karibu na Toulouse, na N113 imekuwa D6113 katika wilaya ya Aude. Mgeni anayeona herufi D kwenye ramani hudhani amepata njia ya shamba, kisha hujikuta bega kwa bega na lori la tani arobaini. Kanuni yangu ni nyepesi: D yenye tarakimu tatu au nne inayokwenda moja kwa moja kutoka mji mmoja hadi mwingine naitilia shaka, na kwenye ramani za karatasi za Michelin natafuta barabara nyeupe, naziazima za njano pale tu ninapolazimika, na nyekundu nazikimbia. Nyeupe yenye mstari wa kijani pembeni ndiyo tunu, kwa kuwa kijani hicho ni alama ya mandhari nzuri.

Njia za kijani, zinazoitwa voie verte kwenye vibao, ni jambo jingine kabisa. Ziliingizwa katika sheria ya usalama barabarani mwaka 2004: ni njia zilizotengwa kwa ajili ya baiskeli, waendao kwa miguu na, inaporuhusiwa, wapanda farasi, na vyombo vya moto havina nafasi humo. Kibao chake ni cha buluu chenye picha nyeupe. Msomaji auzingatie mchanganyiko huo wa watumiaji. Njia ya kijani si barabara ya baiskeli. Ni uwanja wa wote, ambamo babu anamtembeza mbwa kwa kamba ndefu na mtoto wa miaka minne anajifunza kugeuza usukani, na mwenye kasi ndiye anayepaswa kupunguza.

Mfereji wa Garonne

Mfereji huu una urefu wa kilomita 193, kutoka Toulouse hadi Castets-en-Dorthe, na ulifunguliwa mwaka 1856 ili mashua zisitegemee mto ambao maji yake hujaa na kupungua bila taarifa. Njia ya kando yake, ambamo zamani farasi walivuta mashua kwa kamba, leo ni ya lami karibu yote. Ni tambarare kiasi kwamba vilima pekee utakavyovikuta ni pale penye malango ya maji yanayopandisha na kushusha mashua, ambapo njia hunyanyuka mita mbili au tatu kwa ghafla. Malango hayo ni 53, na baada ya siku mbili utaanza kuyahesabu badala ya kilomita.

Kivuli ndicho utajiri wa njia hii. Miti ya platani ilipandwa safu kwa safu pande zote mbili, na mwezi wa Julai, wakati lami ya Gers inayeyuka na kunata kwenye matairi, hapa unaendesha kama ndani ya ukumbi mrefu wenye paa la majani. Lakini miti hiyohiyo ndiyo inayoiharibu njia. Mizizi hupita chini ya lami na kuinyanyua katika matuta membamba, yanayofuatana kwa umbali wa mita chache, yasiyoonekana vizuri kwa sababu jua linalopenya kwenye majani huchora madoa meusi na meupe chini. Ukiwa na kasi ya kilomita 18 kwa saa, tuta ni mtikiso mdogo. Ukiwa na kasi ya 32, mikono imekaa chini kwenye usukani wa mbio, chupa ya maji huruka kutoka mahali pake. Yangu iliishia ndani ya mfereji karibu na Valence d'Agen, nikaitazama ikielea taratibu kuelekea Bordeaux.

Upungufu wa pili ni uchoshi, na sioni sababu ya kuuficha. Mfereji umenyooka. Kuna sehemu kati ya Montech na Moissac ambapo unaona mbele yako kilomita nzima ya maji, miti na lami, na ukifika mwisho wake unaona kilomita nyingine. Wapo wanaopenda hali hiyo, kwa maana akili hupumzika. Mimi baada ya saa tatu natamani kona. Vitu vya kutazama vipo, ila ni vya kusubiri: daraja la maji juu ya mto Tarn kabla ya kuingia Moissac, kanisa la kale la Moissac lenye ua wa nguzo zilizochongwa, kisha minara miwili mikubwa ya kupozea ya kituo cha nyuklia cha Golfech, ambayo huonekana kwa saa nzima kabla hujaifikia.

Ubora wake mkubwa ni reli. Njia ya treni ya Bordeaux hadi Toulouse inakwenda sambamba na mfereji, na treni za mkoa zinazosimama Moissac, Agen na Marmande hupokea baiskeli. Mtoto akichoka, upepo ukigeuka au mnyororo ukikatika, hakuna haja ya kurudi ulikotoka. Faida hii peke yake imenifanya niwapeleke huko wageni wote wasio na uzoefu.

Nitoe tahadhari moja kabla ya kuondoka kwenye mifereji. Watu wengi wakisikia mfereji kusini mwa Ufaransa huwaza Canal du Midi, ule uliochimbwa na Pierre-Paul Riquet kati ya mwaka 1666 na 1681 na kuwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996. Ni mzuri zaidi kuutazama. Kuuendesha ni habari nyingine. Kutoka Toulouse hadi Port-Lauragais, kilomita 50 hivi, kuna lami safi. Ukiingia wilaya ya Aude lami inakoma, na kinachofuata ni changarawe, udongo, mizizi na mahali pengine mfuo wenye upana wa tairi moja tu. Niliwahi kuendelea mbele na matairi ya milimita 23 kwa ukaidi, nikapata pancha mbili kabla ya Castelnaudary. Zaidi ya hayo, platani za mfereji huo zinakufa kwa ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa hapo mwaka 2006, maelfu yamekatwa, na sehemu zenye picha za kuvutia katika vitabu vya zamani leo ziko wazi juani zikisubiri miche ikue.

Reli ya zamani ya Bourgogne

Njia ya Givry hadi Cluny, yenye kilomita 44, ilifunguliwa mwaka 1997 na ndiyo njia ya kijani ya kwanza nchini Ufaransa. Ilijengwa juu ya tuta la reli iliyoachwa, na mwenye kuelewa treni ataielewa mara moja: treni haiwezi kupanda mlima mkali wala kukata kona ya ghafla, kwa hiyo njia yote inapanda na kushuka kwa upole usiohisiwa na magoti, na kona zake ni pana. Lami yake ni laini kuliko ya mfereji kwa sababu hakuna mizizi. Inapita Buxy, Saint-Gengoux-le-National na Cormatin, kati ya mizabibu upande mmoja na malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais upande mwingine, na stesheni kadhaa za zamani zimebaki kando yake. Karibu na Cluny inapita chini ya kilima cha Taizé, jina ambalo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki walioimba kwaya wanalijua kwa nyimbo zake fupi za kurudiarudia.

Anayetaka kuendelea kusini hadi Mâcon hupita katika handaki la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600 hivi. Ndani yake ni baridi hata mwezi wa Julai, na mtu aliyetoka juani akiwa na jasho atatamani koti. Wakati wa baridi handaki hufungwa ili popo wanaolala humo wasisumbuliwe, na hapo inabidi kupanda kilima kwa barabara ya juu. Nawahurumia waliofika mlangoni mwezi wa Desemba bila kujua, ingawa kilima chenyewe si cha kutisha.

Njia hii ningempa mzazi bila kusita. Udhaifu wake ni mfupi kusimulia: ni fupi, na Jumapili yenye jua imejaa. Mwenye miguu iliyozoea ataimaliza kwa muda usiofika saa mbili, kisha atauliza kinachofuata.

Loire

Njia ya Loire, kilomita 900 hivi kutoka Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye bahari ya Atlantiki, ndiyo inayojulikana zaidi, na ni sehemu ya njia ya baiskeli ya Ulaya namba 6 inayoendelea hadi Bahari Nyeusi. Vibao vyake ni vingi na vinaaminika. Mtu anaweza kuifuata bila ramani. Penye hoteli, kambi za mahema na mafundi wa baiskeli kando ya njia utakuta alama ya Accueil Vélo, na ukiikuta mlangoni ujue kuna mahali pa kufungia baiskeli usiku na kwamba uko ndani ya kilomita tano kutoka njiani.

Hata hivyo, anayetafuta njia isiyo na magari asome vizuri. Loire si njia ya kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni mshono wa vipande: njia zilizotengwa, barabara ndogo juu ya matuta ya kuzuia mafuriko, mitaa ya vijiji, na sehemu za changarawe iliyoshindiliwa ambayo kwenye kiangazi hutoa vumbi jeupe na baada ya mvua hutoa uji unaokwama kwenye breki. Kwenye ukingo wa kaskazini kati ya Tours na Angers kuna D952 iliyokaa juu ya tuta na yenye mandhari bora ya mto, nayo imejaa magari. Njia rasmi inaiepuka, na msafiri naye aiepuke hata kama ramani ya simu inamwambia ni mkato.

Sehemu ninayoipenda ni ile ya kutoka Candes-Saint-Martin, mto Vienne unapoingia Loire, hadi Saumur. Huko majabali ya mawe meupe yamechimbwa nyumba na maghala ya mvinyo, na katika kijiji cha Souzay-Champigny njia ya baiskeli inaingia ndani ya jabali lenyewe, katika mtaa wa chini kwa chini, gizani, ukisikia mlio wa mnyororo wako ukirudi kutoka kutani. Kwa kilomita hizo chache Loire inawashinda wote.

Jambo moja linalosahauliwa ni upepo. Watu wengi hufuata mto unakotiririka, yaani kuelekea magharibi, kwa kudhani watakuwa wanashuka. Mteremko wa Loire ni mdogo mno kuusikia, lakini upepo wa eneo hilo mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo wanakwenda siku nane uso kwa uso nao. Anayeanzia Nantes kuelekea Orléans huwa na bahati zaidi. Kinyume chake, anayefikiria njia ya mto Rhône kati ya ziwa la Geneva na bahari ya Mediterania aanzie kaskazini, kwa sababu mistral, ule upepo mkali wa bonde hilo, hutoka kaskazini na hauombi radhi.

Vijibarabara vya Gers

Sasa nifike nilikokuwa na hamu ya kufika. Gers haina njia ndefu ya kijani ya kujivunia, na treni iliyonayo ni moja tu, ile ya Toulouse hadi Auch. Kilicho nacho ni barabara nyeupe nyingi kupita kiasi, zilizojengwa kumfikia kila mwenye shamba juu ya kila kilima. Kipande kimoja cha kilomita kumi kati ya Larressingle, kijiji kidogo kilichozungushiwa ukuta, na Fourcès, kijiji kilichojengwa kwa duara, nilikiendesha asubuhi moja ya Juni nikakutana na trekta moja, gari la posta na bata wasiohesabika nyuma ya uzio. Alizeti zilikuwa hazijachanua. Kitunguu saumu kilichovunwa kilikuwa kimetundikwa kwenye mabanda, na harufu yake ilinifuata kutoka shamba moja hadi jingine.

Ili kuifurahia Gers ni lazima kuielewa sura yake. Mito yake, Gers yenyewe, Baïse, Arrats, Gimone, Save na mingine, yote hutokea upande wa uwanda wa Lannemezan chini ya milima ya Pyrenees na kutawanyika kuelekea kaskazini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Kwa hiyo ukiendesha kaskazini kwenda kusini, au kinyume chake, unafuata bonde au mgongo wa kilima na safari ni nyepesi. Ukiendesha mashariki kwenda magharibi, unakata vidole vyote: unashuka, unavuka daraja dogo, unapanda, unaona bonde jingine, unashuka tena. Kila kilima kwa peke yake si kirefu, mara nyingi ni kiasi cha mita mia moja, lakini kumi vikiongezeka ni mlima. Ramani haioneshi adhabu hiyo kwa jicho la haraka, na mtu anayesema kesho nitafanya kilomita 110 kutoka Gimont hadi Nogaro kwa kuwa jana alifanya 110 kwenye mfereji, kesho hiyo ataikumbuka. Gia nyepesi ni lazima.

Magari yapo, na lazima mtu ayajue yalipo. N21 kati ya Agen na Auch, inayopita Lectoure na Fleurance, na N124 kati ya Auch na Toulouse, ni za malori. Zivuke kwa pembe mraba na usizifuate hata kwa kilomita moja. Kwenye vijibarabara vyenyewe sheria inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli nje ya mji aache nafasi ya mita 1.5, na tangu mwaka 2015 anaruhusiwa kukanyaga mstari usiokatika ili kuitoa nafasi hiyo iwapo anaona mbele vizuri. Wa mashambani huitii kuliko wa mjini. Hatari halisi ni nyingine: kijijini, anayetoka kulia ana haki ya kupita hata kama anatokea kwenye kichochoro, isipokuwa kibao kiseme vinginevyo, na mbwa wa shamba hawajui sheria yoyote.

Kisha kuna kokoto mpya. Barabara ndogo za Ufaransa hukarabatiwa wakati wa joto kwa kumwagiwa lami ya moto na kutandazwa kokoto ndogo juu yake, ambazo magari hutarajiwa kuzishindilia kwa kupita. Pasipo na magari, kokoto hukaa wiki kadhaa zikiwa huru. Kibao kimeandikwa gravillons; ukikiona kwenye mteremko, funga breki kabla ya kona na si ndani yake, na usiulize nimejuaje.

Chakula na maji

Hapa mfereji na Loire zinaishinda Gers waziwazi. Kando ya mfereji kuna miji kila baada ya saa moja au mbili. Katika Gers unaweza kupita vijiji vinne vyenye kanisa, mnara wa kumbukumbu ya vita na mtu asiyeonekana, bila duka. Duka likiwepo, hufungwa adhuhuri kwa saa mbili au zaidi, Jumapili alasiri halifunguki, na duka la mikate mara nyingi hupumzika Jumatatu. Kwa maji, waendesha baiskeli wa Ufaransa wana siri ambayo haikuandikwa popote: kila kijiji kina makaburi, na makaburini kuna bomba la kumwagilia maua. Pasipo na kibao cha kukataza, maji yake kwa kawaida ni yaleyale ya nyumbani. Mara ya kwanza niliona aibu kuingia na chupa mahali pa marehemu. Bibi mmoja aliyekuwa akisugua kaburi akanifungulia bomba mwenyewe, akanisubiri nijaze, akaendelea na kazi yake.

Matairi na majira

Kama una baiskeli moja tu na matairi yake ni ya milimita 25, orodha inajipunguza yenyewe: Gers, Bourgogne, na Garonne kwa mwendo wa wastani. Ukiwa na milimita 32, Loire inafunguka. Canal du Midi ng'ambo ya Port-Lauragais inahitaji 40 kwenda juu. Mwisho wa kiangazi wakulima wa Gers hukata nyua za miiba kwa mashine, na miiba hubaki barabarani. Beba mipira miwili ya akiba.

Kwa majira, Mei, Juni na Septemba ni bora kote. Agosti mfereji ni heri kwa sababu ya kivuli, ilhali Gers ni tanuri baada ya saa tano asubuhi. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Jumapili asubuhi utasikia milio ya bunduki kwenye vichaka, na vazi la rangi kali ni busara hata mchana, mbali na kwamba sheria inalitaka usiku na penye ukungu nje ya miji. Watoto walio chini ya miaka 12 lazima wavae kofia ngumu, iwe wanaendesha au wamebebwa.

Wasomaji walioko Uingereza wana njia ya tano ambayo nimeiacha kando kwa kuwa iko mbali na nyingine: meli ya Newhaven huwafikisha Dieppe, na kutoka Arques-la-Bataille, nje kidogo ya mji, reli ya zamani yenye lami inakwenda hadi Forges-les-Eaux, kilomita 45 hivi, katika malisho ya Normandie. Ina tabia za Bourgogne, pamoja na mvua.

Kwa asiyeweza kuamua

Yupo atakayesoma haya yote na bado asijue. Huyo ningemshauri achukue treni hadi Agen akiwa na siku tatu. Siku ya kwanza afuate mfereji hadi Moissac, kilomita 40 na kidogo, tambarare tupu. Siku ya pili arudi nyuma kwa mfereji huohuo kiasi cha kilomita 20, avuke mto Garonne, apande hadi Auvillar, kijiji chenye soko la duara katikati ya uwanja wake, kisha aingie kusini katika barabara nyeupe hadi Lectoure. Siku ya tatu arejee Agen kwa vijibarabara vya magharibi ya N21. Pale Auvillar, nyuma ya soko, kuna ukingo unaotazama bonde zima: chini ni mstari wa miti unaoonesha mfereji ulipo, pembeni ni mvuke wa minara ya Golfech, na nyuma yako barabara inapinda na kuanza kupanda. Akae hapo kwenye benchi, ale mkate wake, na asikilize magoti yake yanasema nini.